Unaendesha Kidogo? Fikiri Mara Mbili Kabla ya Haibridi

Kwenye yadi za magari ya mtumba jijini Dar es Salaam, swali la kwanza la mnunuzi ni lilelile: lita moja inakwenda kilometa ngapi? Muuzaji hujibu kwa furaha, hasa akiwa anauza haibridi, yaani gari la petroli na umeme, kama Toyota Aqua. Swali linalosahaulika ni la pili: wewe mwenyewe unaendesha kilometa ngapi kwa mwaka?

Tuchukue mtu anayekwenda kazini jirani, sokoni na kanisani au msikitini, jumla kilometa 100 kwa wiki. Kwa mwaka ni 5,200. Tuseme gari lake la petroli linakwenda kilometa 12 kwa lita: atatumia lita 433. Haibridi ya kilometa 20 kwa lita itatumia 260. Tofauti ni lita 173. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000, ameokoa kama shilingi 520,000. Ikiwa haibridi ilikuwa ghali zaidi kwa shilingi milioni 5 wakati wa kununua, atahitaji karibu miaka kumi kuzirudisha. Dereva wa teksi ya mtandaoni anayekata kilometa 900 kwa wiki atazirudisha kwa mwaka mmoja na ushei.

Na hapo tumedhani kwamba haibridi itatimiza ahadi yake. Safari fupi huinyima nafasi hiyo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, huwaka hata kama betri imejaa, ili ipate joto pamoja na masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Ukiwa umebakiza mita chache kufika dukani, ndipo inapoanza kuzimika na kuuachia umeme kazi.

Kuna pia gharama ya kuiacha imeegeshwa. Haibridi ina betri mbili: kubwa inayosaidia kuendesha magurudumu, na ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta za gari. Gari likilala wiki kadhaa, ile ndogo huweza kuisha, na bila yake gari haliwaki hata kama kubwa ina chaji. Betri kubwa nayo huzeeka kwa miaka na joto, si kwa kilometa pekee. Kwa hiyo Aqua ya mwaka 2013 yenye kilometa chache bado ina betri ya mwaka 2013, kama haijabadilishwa. Kabla ya kulipa, mwombe fundi mwenye kompyuta ya kupimia aisome betri hiyo, kisha akague tundu la hewa ya kuipoza pembeni mwa kiti cha nyuma. Vumbi likiziba hapo, betri huchemka.

Lakini Dar ina jambo linaloweza kupindua hesabu yote: foleni. Mtu wa kilometa chache anaweza kukaa saa mbili barabarani, kiyoyozi kikiwaka. Gari la petroli huendelea kunywa likiwa limesimama. Haibridi huzima injini, hupoza abiria kwa umeme, na kila ukikanyaga breki hurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Kwa huyu, zile kilometa 12 kwa lita ni ndoto, na pengo kati ya magari mawili hupanuka sana.

Basi usianzie yadi. Kwa mwezi mmoja andika lita unazonunua, kilometa unazotembea na saa unazokaa kwenye usukani. Lita zikiwa chache na barabara yako inapitika, nunua gari la petroli lenye injini ndogo, ambalo kila gereji inalijua na vipuri vyake havitafutwi, kama IST au Vitz, na pesa iliyobaki iende kwenye matairi mapya na bima. Kilometa zikiwa chache lakini lita ni nyingi, foleni ndiyo inayokula mfuko wako, na hapo haibridi yenye betri iliyopimwa ina hoja.