Jike Anayenyonyesha Huhitaji Chakula Mara Tatu: Ushauri kwa Wenye Mbwa Makueni

Katika maboma mengi ya Makueni, mbwa hula mara moja kwa siku, jioni, watu wakishamaliza kula. Hupewa ugali uliobaki, ukoko wa sufuria, muthokoi uliochacha, na mifupa ikiwa siku hiyo kulikuwa na nyama. Dume mzima anayelinda mbuzi na nyumba anaweza kuishi kwa mlo huo. Jike mwenye watoto sita wanaonyonya hawezi. Kufikia wiki ya tatu baada ya kuzaa mbavu zake zinahesabika, maziwa yanapungua, watoto wanalia usiku kucha na baadhi yao wanakufa. Mara nyingi lawama hupewa minyoo. Ni kweli minyoo huchangia, lakini njaa ndiyo huanza.

Njaa hiyo haiishii bomani. Jike asiyeshiba huwaacha watoto na kwenda kutafuta chakula kwenye majaa ya taka na nyuma ya bucha, ambako hukutana na mbwa wasio na wenyewe. Huko ndiko anakoweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa kisha akakileta nyumbani. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza utekelezaji wa mpango wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, uliozinduliwa mwaka wa 2014 kwa lengo la kumaliza vifo vya binadamu kufikia 2030. Chanjo ndiyo kinga. Hata hivyo, mbwa anayeshiba nyumbani pia hana sababu kubwa ya kuzurura.

Mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63. Watu wengi humhurumia jike anapoonekana na tumbo, wakamwongezea chakula, kisha akishazaa wakamrudisha kwenye mlo wake wa kawaida. Inafaa kufanya karibu kinyume cha hivyo. Katika wiki tano za kwanza watoto tumboni ni wadogo sana na mama hahitaji chakula zaidi ya kile cha siku zote, mradi kiwe kizuri. Akinenepeshwa mapema anaweza kupata shida wakati wa kuzaa. Karibu na wiki ya tatu au ya nne baadhi ya majike hupoteza hamu ya kula kwa siku chache, na hilo si la kutisha.

Nyongeza ianze wiki ya sita, kwa sababu watoto hupata sehemu kubwa ya uzani wao katika theluthi ya mwisho ya mimba. Chakula kiongezwe kidogo kidogo kila wiki, hadi siku za kuzaa zinapofika awe anakula kati ya robo na nusu zaidi ya kawaida yake. Kwa kuwa tumbo limejaa na halina nafasi, kiasi hicho kigawanywe mara tatu au nne kwa siku. Siku moja kabla ya kuzaa wengi hukataa kula kabisa.

Kazi kubwa huja baada ya kuzaa. Wiki ya kwanza jike anahitaji karibu mara moja na nusu ya chakula chake cha kawaida, wiki ya pili mara mbili, na katika wiki ya tatu na ya nne, maziwa yanapofikia kilele, mara mbili na nusu hadi tatu, kutegemea idadi ya watoto. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 ambaye siku za kawaida hutosheka na chakula kinacholingana na robo kilo hivi ya unga mkavu, wakati huo atahitaji gramu 600 hadi 700 au zaidi. Asipopata, mwili wake hutoa nyama na mafuta yake wenyewe ili utengeneze maziwa. Ndiyo sababu jike hukonda hata kama hana ugonjwa wowote.

Kuongeza ugali peke yake hakutoshi. Ugali si mbaya kwa mbwa. Wanga humpa mama nguvu na huwasaidia watoto walio tumboni. Tatizo ni kwamba unga wa mahindi una protini ya takriban asilimia 8 tu, ilhali mbwa mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha anahitaji chakula chenye protini ya angalau asilimia 22 kikipimwa kikiwa kikavu. Pia unga huo karibu hauna madini ya kalsiamu. Kinachoziba pengo hilo kwa urahisi ni omena. Ina protini nyingi, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake, huleta kalsiamu pia. Sehemu mbili za unga kwa sehemu moja ya omena, kwa uzani, zikipikwa pamoja hadi omena ilainike, na kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya kupikia, ni mlo unaokaribia mahitaji ya jike wakati wa kilele. Omena ioshwe kwanza ili mchanga utoke.

Omena hununuliwa, na si kila boma linaweza kuimudu kila siku. Ndengu, ambazo wengi hapa huvuna wenyewe, zinaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya omena zikichemshwa hadi ziive kabisa na kupondwa. Mayai yaliyopikwa pia husaidia. Ila omena isiondolewe yote, kwa sababu ndengu hazina kalsiamu ya kutosha.

Maji husahaulika zaidi, hasa msimu wa kiangazi ambapo kila mtungi huletwa kwa punda. Maziwa hutokana na maji. Wakati wa kilele jike wa kilo 15 anaweza kunywa zaidi ya lita 2 kwa siku, na akikosa, maziwa hupungua hata kama chakula kipo. Awekewe maji safi karibu na watoto. Maji yaliyooshea vyombo kwa sabuni hayafai.

Zipo desturi mbili ambazo maafisa wa mifugo hukutana nazo mara kwa mara na ambazo ni hatari kweli. Ya kwanza ni kumpa mbwa mahindi yaliyoota ukungu kwa sababu watu hawawezi kuyala. Wakazi hawajasahau mwaka wa 2004, ambapo sumu ya aflatoksini katika mahindi iliua watu 125 nchini, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Ini la mbwa huumizwa haraka sana na sumu hiyo, nayo hupita pia kwenye maziwa. Kupika hakuiondoi. Mbwa aliyeathirika hukataa chakula, hutapika, macho yake huwa ya manjano, na wengi hufa. Mahindi yasiyofaa kwa mtoto wa boma hayafai kwa mbwa wala kwa kuku.

Ya pili ni kumtupia mbwa kondo la nyuma la mbuzi au ng'ombe aliyeharibu mimba, au mapafu na maini yenye vifuko vya maji. Kondo hilo linaweza kuwa na vijidudu vya brusela, vinavyomfanya jike naye aharibu mimba. Vifuko vile hubeba tegu wachanga: mbwa akivila, tegu hukua tumboni mwake na mayai yake hutoka kwenye kinyesi, yakawaambukiza watu, hasa watoto wanaocheza na mbwa. Vitu hivyo vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu.

Kuhusu kalsiamu, onyo moja. Kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya kuzaa, jike mwenye watoto wengi anaweza kuishiwa na kalsiamu kwenye damu. Huhema sana, hutangatanga, hutembea kwa miguu iliyokakamaa, kisha hutetemeka na kuanguka kwa degedege. Hiyo ni dharura ya saa, si ya kesho. Watoto waondolewe kwake na daktari wa mifugo aitwe mara moja. Mwenye mbwa asijaribu kumdunga ile dawa ya chupa ya ng'ombe mwenye homa ya maziwa, kwani ikiingia haraka husimamisha moyo. Na si busara kumpa jike vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba kwa nia ya kuzuia hali hiyo. Mwili ukizoea kuletewa, hushindwa kutoa kalsiamu kwenye mifupa wakati maziwa yanapoanza kuihitaji, na hatari huongezeka.

Watoto wakifikisha wiki tatu hadi nne huanza kulamba chakula cha mama. Wapewe ule ule mchanganyiko, ukiwa mlaini kama uji, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Maziwa ya ng'ombe yasiwe tegemeo lao: maziwa ya mbwa yana karibu mara mbili ya protini na mafuta, na yale ya ng'ombe huwaharisha wengi. Dawa ya minyoo huanza wakiwa na wiki mbili na hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane, mama akipewa pamoja nao, kwani minyoo hupita tumboni na kwenye maziwa. Itumike dawa ya mbwa, kwa kipimo cha afisa wa mifugo wa wadi, si ile ya mbuzi iliyobaki.

Kati ya wiki ya sita na ya nane watoto huachishwa kunyonya. Siku ya kuwatenga, chakula cha mama kipunguzwe sana ili maziwa yakauke bila matiti kuvimba, kisha kiongezwe taratibu kwa siku tatu au nne hadi kawaida yake. Akiwa bado amekonda, aendelee na omena hadi mbavu zifunikwe. Watoto wapelekwe kuchanjwa dhidi ya kichaa wanapofikisha miezi mitatu, au mapema zaidi iwapo chanjo ya halaiki itafika kijijini kabla ya hapo.