Kongo: Inchi ina saa mbili, lakini seva zinahitaji moja

Inapofika saa sita ya mchana huko Goma, Bukavu na Lubumbashi, Kinshasa, Matadi na Mbandaka bado ni saa tano. Wakaaji wamezoea: anayepigia ndugu yake simu Kinshasa anaondoa saa moja, na wachuuzi wanaovuka Kasindi kuingia Uganda wanaongeza moja. Kwa kompyuta zinazobeba akaunti za benki, pesa za simu na mafaili ya wagonjwa, hesabu hiyo ndogo inaweza kuleta matata makubwa.

Chukua mfano wa benki yenye tawi Goma na makao makuu Kinshasa. Dola 500 zinawekwa Goma, na dakika kumi baadaye dola 400 zinatolewa Kinshasa kwenye akaunti ile ile. Kama kila seva inaandika saa ya mji wake, rekodi zitaonyesha kwamba pesa zilitoka kabla ya kuingia. Siku kukitokea wizi, wapelelezi hawataweza kusema nani alianza kufanya nini, na wakili wa mshitakiwa hatakuwa na kazi ngumu.

Ndiyo maana seva hutakiwa kuandika saa ya dunia, inayoitwa UTC. Goma iko saa 2 mbele yake, Kinshasa saa 1, na tofauti hiyo huongezwa tu wakati wa kuonyesha saa kwenye skrini. Katika programu nyingi Kongo ina majina mawili ya kuchagua, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Goma na Bukavu zinafuata la pili. Kosa baya ni kuacha Kinshasa hapo na kusogeza saa mbele kwa mkono: skrini itaonyesha saa nzuri, kumbe ndani UTC imepotea kwa saa nzima.

Hata kanda ikiwa sahihi, saa yenyewe inateleza. Kompyuta hupima muda kwa kipande kidogo cha kwatzi, na kipande cha kawaida kinaweza kukosea karibu sekunde 2 kwa siku, yaani karibu dakika 1 kwa mwezi. Halafu kuna delestaji. Umeme ukikatika, saa inashikiliwa na betri ya volti 3, ya mviringo kama sarafu. Betri hiyo ikifa, kompyuta inaamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, na tovuti za benki zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Watu wanalalamikia intaneti, na shida ni betri tu.

Dawa inayotumiwa duniani ni NTP, utaratibu uliotolewa mwaka 1985 na Mmarekani David Mills, aliyefariki Januari 2024. Kompyuta inauliza saa kwa seva nyingine, inapima ujumbe umechukua muda gani kwenda na kurudi, kisha inagawa kwa mbili. Kwenye intaneti ya kawaida kosa linabaki la milisekunde chache au makumi kadhaa. Ila hesabu hiyo inaamini kwamba kwenda na kurudi kunalingana. Ofisi nzima ikiwa inapakua video, upande mmoja unajaa na saa inayumba. Tena heri kuuliza seva nne au zaidi, kwani ukiwa na mbili zisizokubaliana huwezi kujua ipi inadanganya.

Kwa miji ambako mtandao hukatika mara kwa mara, kuna njia nyingine: antena ya GPS juu ya paa. Satelaiti za GPS zinabeba saa za atomiki, na mawimbi yake yanapokelewa bila intaneti. Seva moja ya ofisi inachukua saa huko juu, nyingine zote zinaiuliza hiyo. Inatosha antena ione mbingu, na seva iwe na betri au jenereta ya kuivusha usiku.