Uzamili wa tiba ya usemi kwa intaneti: nani atasaini saa 400?

Namanga, Busia au Mutukula, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, na maharage yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanapita bila ushuru wa forodha. Shahada haina cheti cha namna hiyo. Mzazi anayeweka akiba ya faida ya duka ili mwanawe asome uzamili wa tiba ya usemi na lugha katika chuo cha Marekani, huku akiishi nyumbani Kisumu au Arusha, anapaswa kulijua hilo kabla ya kutuma awamu ya kwanza ya karo.

Kwamba taaluma hii inahitajika, halina ubishi. Mzee aliyepata kiharusi akapoteza maneno, mtoto mwenye kigugumizi, mwenye usonji au mtindio wa ubongo, mgonjwa anayepaliwa kila anapomeza uji: wote ni wa mtaalamu huyu. Wataalamu wenyewe ni wachache, na wengi wako miji mikuu. Chuo Kikuu cha Makerere ndicho kilichotangulia katika kanda kufundisha shahada ya kwanza ya fani hii, mwaka 2008. Ndiyo maana matangazo ya masomo kwa njia ya masafa yanavutia watu.

Nchini Marekani, uzamili ndio mlango wa kuingilia kazini. Anayetaka cheti cha ASHA, chama cha wataalamu wa fani hiyo kilichoanzishwa 1925, lazima awe na saa 400 za mafunzo kwa vitendo: 25 za kumtazama mtaalamu akifanya kazi, na 375 za kuhudumia wagonjwa yeye mwenyewe. Mazoezi ya kuigiza, yakiwemo ya kompyuta, yanakubaliwa, ila hayazidi saa 75. Baada ya kuhitimu zinafuata saa 1,260 za kazi chini ya uangalizi, kwa muda usiopungua wiki 36, na kuna mtihani wa taifa wa kufaulu.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Msimamizi anayesaini saa hizo anatakiwa awe na cheti hichohicho cha ASHA. Kumpata mtu huyo Mwanza au Eldoret si kazi ndogo. Vyuo kadhaa vinavyofundisha kwa intaneti hupokea wakazi wa majimbo fulani tu ya Marekani, na baadhi humtaka mwanafunzi afike chuoni kwa siku kadhaa. Viza na tiketi ya ndege basi navyo viingie kwenye hesabu, hata kama tangazo linasema utasoma ukiwa sebuleni. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa 12 jioni New York, huku kwetu ni saa 7 au saa 8 usiku. Aliyehitimu ualimu au biashara ataanza na masomo ya msingi, yakiwemo biolojia na takwimu, na hayo nayo hulipiwa.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayaligusi: lugha. Vipimo vinavyofundishwa huko vimetengenezwa kwa watoto wanaozungumza Kiingereza. Vinasikiliza kama mtoto anaweka alama ya wingi mwishoni mwa neno. Mtoto wa Kiswahili huweka wingi mwanzoni, na kazi yake kubwa ni upatanisho wa ngeli. Akisema "kitabu yangu", je, ana tatizo la lugha, au anaongea kama watu wote wa mtaa wake Nairobi? Mtoto wa Malaba anasikia Kiteso nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto kusema, lakini mtaalamu aliyefunzwa kwa kipimo cha lugha moja anaweza kumwona mgonjwa mahali pasipo na mgonjwa. Au amkose aliyepo, ambayo ni hasara kubwa zaidi.

Kisha kuna kutambuliwa. Shahada ya nje huhakikiwa Tanzania na TCU, na Uganda na NCHE, na mwajiri hutaka karatasi hiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na tangu hapo wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wametiliana saini makubaliano ya kutambuana. Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza jijini Dar es Salaam eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo hilo ni zuri kwa wanafunzi, lakini halimpi mtaalamu wa usemi kibali cha kuhudumia wagonjwa ng'ambo ya mpaka.

Kwa hiyo swali la kukiuliza chuo, na lijibiwe kwa maandishi, ni hili: mwanafunzi anayeishi Kigali au Kisumu atazipata wapi saa 375 za wagonjwa, na nani atazisaini? Chuo kikijibu kwamba mwanafunzi atajitafutia mwenyewe, afadhali fedha zingoje. Kwa kijana wa Bukoba ambaye hana shahada yoyote bado, Makerere iko ng'ambo ya Mutukula tu, na basi la Kampala hupita hapo.