Taa Nyekundu Ikiwaka, Gari Lisimame



Kazi nyingi za Rumonge hutegemea gari. Mikungu ya michikichi haitoki shambani kwenda kwenye kinu bila lori. Mawese na ndagala haziendi Bujumbura bila kupita zile kilomita zaidi ya 70 za Barabara ya Taifa namba 3, kando ya ziwa. Na mara nyingi juu ya mzigo wameketi wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo taa ndogo inayowaka mbele ya dereva si habari yake peke yake. Ni habari ya roho za watu. Ni habari ya mshahara pia, maana injini ikiungua, swali la kwanza la tajiri huwa: "Nani alikuwa anaendesha?"

RANGI TATU

Alama hizi hufanana karibu katika magari yote, liwe la Kijapani au la Ulaya. Taa ya kijani au ya buluu husema kwamba kitu fulani kinafanya kazi, kama taa kubwa za mbele. Taa ya manjano husema: kuna kasoro, tafuta fundi mapema. Taa nyekundu husema: simama sasa, mahali pa usalama.

JARIBIO LA ASUBUHI

Kabla ya kuwasha injini, fungua ufunguo mpaka hatua ya "ON" tu na utazame. Taa za oili na betri lazima ziwake. Ukiwasha injini, zizimike baada ya muda mfupi. Taa isiyowaka kabisa si dalili ya uzima. Huenda globu imeungua, fyuzi imekatika, au mtu ameing'oa makusudi ili gari liuzwe au litoke gereji likionekana zima. Dereva anayekabidhiwa gari alifanye jaribio hili mbele ya yule anayemkabidhi.

TAA NNE ZA KUOGOPWA

Ya kwanza ni ya oili, yenye picha ya kopo linalodondoka. Haisemi tu kwamba oili imepungua. Husema kwamba oili haisukumwi kwenda kwenye vyuma. Injini inaweza kufa kwa dakika chache. Zima mara moja, ngoja kidogo, kisha toa kijiti cha kupimia. Kama oili imepungua, ongeza na utafute inakovujia. Kama kiasi kinatosha na taa bado inawaka, kosa laweza kuwa ni pampu, chujio au waya wa kipimo. Usiliendeshe kwa kubahatisha kwamba ni waya. Livutwe mpaka kwa fundi.

Ya pili ni ya joto. Kilima cha kutoka Rumonge kwenda Bururi huchemsha injini ya lori lililojaa. Simama, lakini usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto: mvuke wake huunguza uso na mikono. Ngoja ipoe, kisha tazama mipira, mkanda wa feni na kiasi cha maji. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, maana chuma chaweza kupasuka.

Ya tatu ni ya betri. Mara nyingi betri haina kosa. Altaneta ndiyo haichaji, au mkanda umelegea au kukatika. Katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Tena katika baadhi ya magari ya dizeli ya Kijapani, pampu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukikatika, breki huwa nzito. Basi asikudanganye mtu kwamba "ni betri tu, tutafika".

Ya nne ni ya breki. Kwanza hakikisha handibreki imeshushwa. Kisha tazama chupa ya mafuta ya breki. Yakipungua, ama breki zimekwisha, ama kuna mvujo. Kuongeza tu na kuendelea ni kuficha ugonjwa. Na usitie oili ya injini humo hata kidogo: huvimbisha mipira, na breki hushindwa.

MAFUTA YA MADUMU NA MAJI YA ZIWA

Uhaba wa mafuta ulipobana nchini miaka ya 2023 na 2024, madereva wengi walinunua mafuta ya madumu. Mafuta hayo mara nyingi huwa na maji. Magari mengi ya dizeli yana taa inayoonyesha kwamba maji yamejaa chini ya chujio. Zima injini, legeza skurubu ya chini, toa maji mpaka dizeli safi itoke, kaza, kisha piga pampu ya mkono.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia katika mitaa ya Rumonge. Gari lililopita kwenye maji laweza kuwasha taa ovyo siku za baadaye, kwa sababu viungo vya waya vimeshika kutu. Vifunguliwe, vikaushwe na kusafishwa kabla ya kununua kifaa kipya.

Taa ya manjano yenye picha ya injini huhitaji mashine ya kusoma namba ya kosa. Mafundi wa Buyenzi, Bujumbura, wanasifika kwa kazi ya magari, hata hivyo muulize fundi wako swali moja: "Umepima waya na fyuzi, au umesoma namba tu?" Namba huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Haisemi kwamba kifaa kimekufa.

NANI AAMUE?

Hapa ndipo penye shida. Dereva anaiona taa, lakini msimamizi anauona mzigo. Akiambiwa "endesha tu", dereva hubeba hatari peke yake, na hasara hukatwa kwenye mshahara wake.

Mwaka 1981, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 155. Kifungu cha 13 kinasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake, alindwe asiadhibiwe. Lori lililojaa watu na lisilo na breki kwenye mteremko ni hatari ya namna hiyo.

Basi wajumbe wa wafanyakazi wadai mambo matatu. Kila gari liwe na daftari, na taa yoyote iliyowaka iandikwe humo kwa tarehe, pamoja na sahihi za dereva na msimamizi. Taa nyekundu ikiwaka, gari lisitoke mpaka fundi aandike alichotengeneza. Na dereva aliyesimamisha gari kwa taa nyekundu asikatwe hata faranga moja.

Mzigo uliochelewa utafika kesho. Mwenzetu aliyekufa barabarani hatafika.