FUATA NJIA YA KEBO
Mambo ya kwanza ambayo chuo kilinifunza juu ya kompyuta



Wengi wenu, hasa ninyi mnaokaribia Egzamini ya Serikali, mnaniuliza mnaponikuta njiani: "Yaya, kule chuo munajifunzaka ordinatere namna gani? Sisi wenye hatuna mashine nyumbani, tutaweza?" Swali hili si la mchezo. Nimeona vijana waliopata diplome kwa alama nzuri, lakini walipofika chuo wakatetemeka mbele ya klavye, wakadhani kama wao ni wajinga. Profesa hangoji mtu. Kazi zatakiwa zipigwe chapa, na asiyejua hulipa mwingine kwa kila ukurasa, mwaka baada ya mwaka. Basi nataka kuwaeleza somo moja tu, lile lililotusaidia kuliko yote. Halitaki feza nyingi. Lataka macho na kidole.

Katika mwaka wetu wa kwanza tulikuwa wanafunzi 5 kwa mashine 1. Waliotoka shule zenye kompyuta ndio walioshika klavye. Sisi wengine tulitazama mabega yao. Msaidizi wa profesa akaliona jambo hilo. Somo la pili alizima mashine zote, akachomoa kebo zote, akazirundika mezani. Akasema: "Leo hakuna kuandika. Leo kila mtu atanionyesha kebo hii inatoka wapi na inaenda wapi." Hapo wote tukawa sawa, mtoto wa mjini na mtoto wa kijijini.

Kebo ni nini? Sisi hapa twasema kable ao fili. Kebo ni njia tu, kama vile barabara ya Komanda ni njia. Ndani yake hupita nguvu ao habari, na kebo zingine hupitisha vyote viwili. Mashine ikikataa kazi, usiseme upesi, "Imekufa." Uliza kwanza: njia gani imekatika?

1. NJIA YA UMEME

Anza kwenye prizi. Umeme wa prizi zetu ni volti 220. Kompyuta ya mezani huupokea kwa kebo nene yenye matundu 3 mwishoni. Mawili ni ya umeme wenyewe, la tatu ni la ardhi. Umeme ukipotea njia na kugusa sanduku la chuma, njia hii ya tatu huupeleka udongoni badala ya kuupitisha mwilini mwako. Kwa hiyo si vema kutumia ralonji isiyo na njia ya ardhi, hata kama bei yake ni nafuu sokoni.

Kompyuta ya kubeba ina sharjeri. Geuza sharjeri usome maandishi madogo. Upande wa kuingia utaona mara nyingi 100–240 V, maana yake yafaa kwa prizi yetu. Upande wa kutoka utaona labda 19 V, na hesabu ya ampere. Ukitafuta sharjeri ingine, volti za kutoka lazima ziwe zile zile, ampere ziwe sawa ao zaidi, na kichwa chake kiwe cha namna ile ile. Mwenye kuchukua sharjeri yoyote kwa sababu kichwa chake kimeingia anaweza kuunguza mashine ya mwenzake.

Tena kuna jenereta. Jenereta ya kartye ikichoka, volti hushuka. Ikipata nguvu ghafula, hupanda. Stabilizatere ni mlinzi wa kati: hupokea umeme usiotulia na kutoa uliotulia. Mlinzi huyu asikose mbele ya mashine ya mezani.

2. NJIA YA PICHA

Taa ya mashine inawaka, feni inalia, lakini ekrani ni nyeusi. Mtu atasema, "Imeharibika." Wewe fuata njia: umeme umefika, picha haikufika. Shika kebo iliyo kati ya sanduku na ekrani.

Kebo ya zamani huitwa VGA. Ilianza na mashine za IBM mwaka 1987. Kichwa chake kina meno 15 kwa mistari 3, na skrubu 2 pembeni. Rangi nyekundu, kijani na buluu hupita kila moja kwa jino lake. Picha ikigeuka ya njano yote, tazama kama jino la buluu limepinda ao halishiki. Kebo ya kisasa zaidi, HDMI, ina meno 19 na hupitisha picha pamoja na sauti.

Mwenzetu mmoja alipeleka mashine ya jamaa yake kwa fundi mmoja, akaambiwa kama lazima anunue ekrani mpya. Feza ile ilikuwa karibu sawa na minervali ya mdogo wake. Jioni, kabla ya kulipa, alifuata kebo kwa kidole akakuta skrubu zimelegea. Akazikaza, picha ikarudi. Sisemi kama mafundi wote hudanganya. Wengi ni watu wa haki. Nasema hivi: asiyejua njia hawezi kutofautisha fundi mwema na fundi mbaya.

3. NJIA YA USB

Hii mnaijua wote sababu ya simu. USB ilitokea mwaka 1996, ili kichwa kimoja kitumike kwa klavye, imprimanti, flashi na vingine vingi. Kebo ya kawaida ya USB ina nyuzi 4 ndani. Nyuzi 2 hupitisha umeme wa volti 5, na nyuzi 2 hupitisha habari.

Sasa mtaelewa fumbo moja la soko. Unanunua kebo, simu yako inajaa moto vizuri, lakini ukiiunga kwa kompyuta, picha zako hazionekani. Juu ya nini? Sababu kebo zingine za bei ndogo zimetengenezwa na nyuzi 2 tu, zile za umeme. Simu si mbovu, na kompyuta si mbovu. Njia ya habari haimo ndani ya kebo. Na usitafute kebo ndefu mno: kwa USB ya kawaida mpaka wake ni mita 5.

4. NJIA YA MTANDAO

Kebo ya mtandao ina nyuzi 8, nazo zimesokotwa mbili mbili kama nywele, yaani jozi 4. Masoko haya si urembo. Alexander Graham Bell, mtu wa simu, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1881. Nyuzi mbili zikisokotwa pamoja, kelele ya umeme kutoka nje huzigusa zote kwa kadiri moja, na upande wa kupokea huweza kuifuta. Ndiyo sababu ukifunga kichwa cha kebo usifumue masoko kuliko inavyohitajika.

Nyuzi hupangwa kwa rangi. Mpango tulioujifunza ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Uandike katika daftari, uimbe ukienda kuteka maji. Kebo hii haipiti mita 100. Zaidi ya hapo habari hudhoofika, na lazima kuweka mashine ya katikati.

Wengine watasema, "Siku hizi ni Wi-Fi, hakuna kebo." Wi-Fi ni hatua za mwisho tu, kutoka kisanduku mpaka simu yako. Nyuma ya kisanduku kuna kebo, ao mnara, ao sahani ya setilaiti. Na ukizidi kufuata, mwisho wake utafika kwenye kebo tena.

5. NJIA YA MBALI

Kwa safari ndefu nyuzi za shaba hazitoshi. Hapo hutumiwa nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na kinachopita ndani ni mwanga. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyefanya kazi Uingereza, alionyesha kama kioo kikisafishwa sana mwanga unaweza kwenda mbali ndani yake. Watu wengi hawakusadiki. Mwaka 2009 alipewa zawadi ya Nobel.

Sasa kebo za namna hii zimelazwa chini ya bahari. Upande wa magharibi wa nchi yetu, kebo iitwayo WACS, iliyoanza kazi mwaka 2012, inafika pwani yetu Muanda, katika safari yake kati ya Afrika Kusini na Uingereza. Upande wa mashariki, SEACOM ilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Sisi wa Bunia tuko mbali na bahari zote mbili, lakini maneno yetu hupita huko.

Ushahidi ni huu. Tarehe 14 Machi 2024 kebo kadha zilikatika karibu na Côte d'Ivoire, WACS ikiwa moja yao, na nchi nyingi za Afrika magharibi zikakosa intaneti. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini, na watu wa Kenya, Uganda na Tanzania wakaona intaneti imekuwa nzito. Wengi walizima simu na kuwasha tena, wakapiga simu kwa vidole, kumbe ubaya ulikuwa chini ya bahari. Lazima meli iende kuivuta kebo, kuiunga, na kuirudisha chini.

6. NJIA YA MAANDIKO YAKO

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini msaidizi wetu alianza na kebo. Mtu aliyezoea kuuliza "inatoka wapi, inaenda wapi" atauliza vile vile juu ya maandiko yake.

Mwanafunzi anapigisha kitabu chake cha kumaliza masomo katika siberi. Kurasa 50, kazi ya miezi. Muulize: "Kitabu chako kiko wapi?" Anajibu, "Kiko kwa ordinatere ya yule kijana." Hiyo si njia salama! Mashine ikiibwa, ao ikiungua, ao watu wakikimbia kwa ajili ya vita, kama tulivyoona mara nyingi hapa Ituri, kitabu kimepotea. Uliza: kimehifadhiwa katika sanduku gani la ndani ya mashine? Kwa jina gani? Nakala ya pili iko wapi? Nakala moja katika flashi yako, ingine katika barua pepe yako, ndipo ulale usingizi. Tena usichomoe flashi wakati taa yake inapepesa, maana habari zingali njiani. Iambie mashine kwanza iiachilie.

Na neno la siri? Ukimtajia kijana wa siberi neno lako la siri ili akusaidie kutazama matokeo, neno hilo limekwenda wapi? Fuata njia. Andika mwenyewe kwa vidole vyako, hata polepole, kisha ufunge ukurasa wako kabla ya kuinuka kitini.

KWA WEWE USIYE NA MASHINE

Usingoje kununua. Fanya haya yanayowezekana leo:

Kwanza, omba ruhusa kwa mwalimu ao katibu wa shule utazame kompyuta ya ofisi, mkono nyuma, ukitaja kila kebo na kazi yake. Si kugusa, ni kutazama.

Pili, tafuta kebo iliyokufa. Kila nyumba yenye simu ina kebo iliyotupwa. Ipasue kwa wembe, nayo isiwe imeungwa popote, uhesabu nyuzi. Ukikuta 2 ao 4, utajua ilikuwa njia ya nini.

Tatu, ukipata nusu saa katika siberi, usiitumie yote kwa kutazama mpira. Andika barua moja, ihifadhi, itafute tena, ichukue kwa flashi.

Nne, tufunzane. Ndugu aliyejua amwonyeshe asiyejua, na ninyi wavulana msiwanyang'anye dada zetu klavye. Katika kundi letu la chuo, msichana mmoja kutoka upande wa Mahagi, ambaye hakuwa ameshika kompyuta kabla, leo ndiye anayeitwa wakati imprimanti ya kitivo inapokataa. Hana uchawi. Hufika, hunyamaza, huanza kwenye prizi, na hufuata kwa kidole mpaka mwisho.

Walimu wetu, twawaomba: kama shule ina mashine moja tu, hata iliyoharibika, msiifungie stoo. Mashine iliyokufa yaweza kufundisha kebo zake zote bila umeme na bila intaneti.

Mwenye maswali aandike kwa karatasi na kuyaacha kwa wenye kutengeneza gazeti hili. Nitajibu ninayoyajua, na mengine nitayapeleka kwa walimu wangu.

Mwanafunzi wa zamani wa shule hii, Bunia