Falsafa ni Nini?

Wasikilizaji, falsafa ni neno la Kiyunani lililotujia kwa njia ya Kiarabu. Maana yake ni kupenda hekima. Kazi yake ni kutafuta sababu.

Mwaka 399 kabla ya Kristo, mzee Socrates wa Athens alishtakiwa kwamba awapotosha vijana wala haiheshimu miungu ya mji. Akahukumiwa kunywa sumu. Rafikiye Crito akamwendea gerezani, akamwambia njia ya kutoroka i tayari. Socrates akauliza kwanza: Je, aliyedhulumiwa ana haki ya kudhulumu? Akaona hana, na kutoroka ni kuzidhulumu sheria za mji uliomlea. Akabaki, akainywa.

Nawe mwanafunzi, waonaje? Alitenda vema? Jibu, kisha utoe sababu; hapo ndipo falsafa ianzapo.