Mwanao anarudia herufi? Huenda tatizo ni kibodi

Arumeru. Nyumbani kwa mama mdogo wangu, Kikatiti, binamu yangu wa miaka 11 aliandika jina lake kwenye kompyuta. Likatoka na “a” nane ambazo hakuzikusudia. Akafuta, akaanza upya. Mara ya tatu akaisukuma kibodi na kusema hawezi.

Mtoto huyu ana mtindio wa ubongo. Kusoma anajua. Lakini kidole chake hutetemeka kikigusa kitufe, na kompyuta huhesabu kila mtetemo kuwa herufi mpya. Asiyemfahamu atadhani hajui kuandika.

Anza na kisicho na gharama

Mzazi, kabla ya kununua chochote, fungua mipangilio ya ufikivu kwenye kompyuta yako. Windows inaweza kupuuza miguso ya harakaharaka, na kumruhusu mtoto abonyeze Shift kwanza, kisha herufi, bila kushika vyote kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba mipangilio hiyo hubaki kwenye kompyuta ileile. Akienda shuleni, anaanza upya.

Programu ndani ya kibodi

Kibodi nayo ina programu yake ndani. Baadhi ya kibodi hukubali programu hiyo ibadilishwe, na QMK ni mojawapo ya zinazotumika, tena ni ya bure.

Kwa kawaida QMK husubiri milisekunde 5 kuhakikisha kitufe kimetulia. Kaka yake anayesoma chuo aliziongeza hadi 100. Kitufe hakihesabiwi kimeachiwa mpaka kitulie. Mtetemo wote ukawa herufi moja. Neno kama “kaa” ndilo linataka subira kidogo.

Kazi ilikuwa kuitengeneza programu hiyo. Inahitaji zana nyingi, na zikiwa za matoleo yasiyopatana, kazi hugoma. Kompyuta ya kijana ilimgomea siku mbili, hadi alipotumia kontena.

Wakazi wa Kikatiti huyaona makontena yakipita kila siku barabara ya Moshi–Arusha. Lori likibadilishwa, mzigo ndani unabaki vilevile. Kontena la programu, kama la Docker, ni hivyohivyo: zana zote zimefungwa pamoja, nazo hufanya kazi ileile kwenye kompyuta yoyote inayolipokea. Alilipakua pamoja na faili za QMK mara moja, palipo na intaneti nzuri. Marekebisho yaliyofuata aliyafanya nyumbani bila bando.

Mambo ya kuzingatia

• Kibodi nyingi za bei rahisi hazikubali kubadilishwa. Hakikisha modeli imo kwenye orodha ya QMK kabla ya kulipa.

• Faili iwe ya modeli hiyohiyo. Tunza nakala ya mpangilio wa kwanza.

• Kibodi si tiba. Mtoto aonwe na mtaalamu wa tiba kazi, anayefundisha kutumia mikono kwa shughuli za kila siku. KCMC, Moshi, hufundisha wataalamu wa fani hiyo.

• Ongeza muda kidogokidogo, ukimuuliza mtoto mwenyewe. Vidole ni vyake.

Jumapili iliyopita binamu yangu aliniandikia barua ya ukurasa mzima. Ina makosa mawili ya tahajia, na safari hii yote ni yake mwenyewe.